Kabla ya kupandisha trebo

Wimbo uliorekodiwa kwenye chumba cha kupanga pale Kilosa mjini ukipigwa mara tu baada ya wimbo uliotoka studio kubwa ya Dar es Salaam, tofauti husikika papo hapo. Haihati imefifia, na mwimbaji anasikika kama aliyejifunika blanketi. Prodyuza naye hufungua ikwalaiza kwenye kompyuta, hushika upande wa trebo, yaani masafa ya juu, na kuupandisha. Wimbo unachangamka kweli, lakini kabla ya kibwagizo cha pili masikio yamekwishachoka. Vijana wanaorekodi Kilosa, Mikumi na kwingineko mkoani Morogoro wanastahili kujua kwa nini hutokea hivyo, na namna ya kupata mng'aro usiochosha.

Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000. Uzito wa besi hukaa chini ya hezi 250. Uwazi wa maneno hutegemea zaidi eneo la 2,000 hadi 4,000, na mlio wa s, sh na z hujaa kati ya 5,000 na 9,000. Juu ya 10,000 hakuna noti za kuimbwa. Kuna pumzi ya mwimbaji, chembechembe za manyanga na mguso wa ukucha kwenye waya wa gitaa. Eneo hilo mafundi huliita hewa. Ikwalaiza haiumbi hewa, hukuza tu kile kilichomo kwenye rekodi. Kama feni ilikuwa ikizunguka kwa sababu ya joto la Kilosa, ukipandisha hewa unaipandisha na feni.

Mara nyingi chanzo cha sauti iliyofifia ni chumba chenyewe. Wengi hubandika sponji kuta zote nne. Wimbi la sauti la hezi 12,000 lina urefu wa karibu sentimeta 3, kwa hiyo sponji yenye unene wa sentimeta 5 hulimeza. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3. Hilo hupita kwenye sponji hiyohiyo, hugonga tofali na kurudi kwenye maiki. Rekodi inabaki na mngurumo huku ung'avu umenyonywa. Afadhali uache sehemu ya ukuta wazi, usimamishe godoro nene nyuma ya mwimbaji, na uielekeze maiki moja kwa moja mdomoni, kwa maana ikikaa pembeni hupokea masafa ya juu machache zaidi.

Ukifika kwenye kumiksi, anzia chini. Kwenye vokali kata mngurumo ulio chini ya hezi 80. Kisha tafuta kati ya hezi 200 na 400, upunguze desibeli 2 au 3 kwenye vokali, gitaa na kinanda. Sauti nzito za chini zina tabia ya kuzifunika sikioni sauti nyembamba za juu. Ukizipunguza, mara nyingi mng'aro uliokuwa ukiutafuta hujitokeza wenyewe.

Hapo ndipo uongeze. Chagua shelfu ya juu, yaani mkunjo unaoinua masafa yote kuanzia pale ulipopachagua. Uanzie hezi 10,000 au 12,000, na uinue desibeli 1 hadi 3. Parametric EQ 2 iliyomo ndani ya FL Studio na ReaEQ ya Reaper zinaifanya kazi hiyo vizuri. Plagini nyingi za kununua huiga mashine ya Pultec ya Marekani ya miaka ya 1950, inayopendwa kwa mkunjo wake mpana na mpole. Ukishaongeza, shusha sauti ya jumla ilingane na ile ya mwanzo, ndipo uwashe na kuzima ikwalaiza ukilinganisha. Sikio hudanganyika haraka, likaona kilicho na sauti kubwa ndicho bora.

Rapu inahitaji uangalifu zaidi. Chukua mfano wa rapa ambaye wananchi wa Mikumi walimchagua kuwa mbunge wao: Joseph Haule, yaani Professor Jay, aliyeliwakilisha jimbo hilo kuanzia 2015 hadi 2020. Tangu albamu yake ya Machozi Jasho na Damu ya 2001, sanaa yake imejengwa juu ya maneno, nayo maneno ya Kiswahili yamejaa s, sh, z na ch. Ukianzisha shelfu kwenye hezi 6,000, kila "sisi", "shida" na "maisha" itachoma sikio. Weka kwanza diesa, yaani kidhibiti cha mlio wa s na sh, ibane eneo la 5,000 hadi 9,000 pale tu linaporuka. Plagini ya TDR Nova, inayopatikana bure, inaweza kuifanya kazi hiyo.

Fikiria pia wimbo utasikilizwa wapi. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na abiria wengi husikiliza muziki ndani ya basi, redioni au kwenye simu. Redio ya FM hurusha sauti hadi hezi 15,000 hivi, na MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukatwa karibu na 16,000. Hewa ya hezi 18,000 uliyoihangaikia usiku kucha haimfikii msikilizaji huyo.

Mfano mzuri tunao hapahapa mkoani. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilirekodi miaka mingi kabla ya plagini kuwapo. Magitaa yake bado yanasikika wazi kwa sababu solo, ridhimu na besi kila moja lilipewa nafasi yake, hayakugombania eneo moja.

Kwa hiyo, prodyuza, zima feni unaporekodi, safisha chini, dhibiti s na sh, kisha ongeza juu kidogo. Ukijikuta umefika desibeli 6 na wimbo bado haung'ai, iache ikwalaiza, urudi chumbani ukarekodi upya.