Kabla ya Kumwajiri Mtu, Uliza kwa Njia Iliyo Sawa

Katika mtaa wa Majengo, Mombasa, mtu atakaye mpishi au msaidizi wa dukani mara nyingi huenda barazani penye kahawa akauliza, "Fulani ni mtu wa namna gani?" Njia hii ni nyepesi, lakini ina hatari tatu.

Kwanza, majina hufanana. Akina Juma na akina Ali ni wengi, na kosa la mmoja laweza kumwangukia mwingine. Pili, ajibuye huenda ni jamaa afichaye aibu, au mtu mwenye kinyongo cha zamani. Tatu, asemwaye hayupo. Hukosa kazi asijue sababu, wala hapati nafasi ya kujitetea.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aondokaye cheti cha kazi, iwapo ametumika majuma 4 mfululizo au zaidi. Cheti huonyesha aina ya kazi, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Kueleza tabia, mwajiri halazimishwi.

Basi, anza kwa cheti. Kisha, kwa idhini ya mwombaji, mwulize bwana wake wa zamani mambo aliyoyaona kwa macho: Je, alifika kwa wakati? Hesabu zake zilikuwa sawa? Ukisikia lawama, mwite mwenyewe umsikilize kabla hujakata shauri, kwani ni riziki yake na ya watoto wake unayoiamua.