Maua ya Kando ya Reli, Uyoga wa Kichuguu

Mvua za masika zikishakolea, ukingo wa reli pale mtaa wa Makongeni, Nairobi, hubadilika rangi. Wengi hupita wakikimbilia kazini viwandani, na yote yaliyoota pale kwao ni magugu. Ni hasara, maana anayetaka kuyajua maua ya porini hahitaji kungoja Jumamosi ya kwenda msitu wa Karura.

Anza na kile kiua cha buluu ambacho Wakikuyu hukiita mukengeria. Kitafute asubuhi, kwa sababu jua la mchana hukinyausha. Petali mbili ni pana na za buluu. Ya tatu ni ndogo, imefifia, imejificha chini. Ua huchomoza kutoka kwenye jani dogo lililokunjwa kama mfuko. Uminye mfuko huo taratibu, utaona tone la ute likitoka. Kando yake kuna kishona nguo, ambacho mbegu zake utarudi nazo nyumbani kwenye suruali, na ndulele yenye maua ya zambarau, miiba na matunda ya manjano yenye sumu. Jirani Mjaluo atakuambia hiyo ni ochok. Mtaa huu ulikaliwa na wafanyakazi wa reli kutoka kila pembe ya nchi, na majina ya mimea yalikuja nao. Kwa kuwa mtaa wenyewe uliingizwa katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, majina hayo yaulizwe na kuandikwa sasa, kabla hayajasahaulika.

Usitarajie kukuta maua yote yaleyale Karura. Kule udongo ni mwekundu, wa msitu. Huku Eastlands tunakanyaga udongo mweusi wa mbuga za Athi, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ua la mbuga hizo ninalolipenda kuliko yote ni Cycnium tubulosum, jeupe na jepesi, linaloonekana katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi mithili ya vipande vya karatasi vilivyotupwa nyasini. Mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi, ndiyo maana ni vigumu kulihamishia bustanini. Kitabu cha Agnew cha mwaka 1974 kuhusu maua ya nyanda za juu za Kenya kingali msaada mkubwa, na ukikwama, hifadhi ya mimea iliyokaushwa iko Makumbusho ya Taifa.

Uyoga ni habari nyingine, kwa sababu huku kosa moja laweza kuua. Ule wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi. Mara nyingi kofia yake ina ncha katikati, na shina lake huteremka mbali hadi kwenye shamba la mchwa. Lakini kwenye nyasi za uwanjani huota Chlorophyllum molybdites, mweupe, mkubwa, wa kutamanisha, unaotapisha na kuharisha vibaya. Laza kofia iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli usiku kucha. Wa kichuguu huacha vumbi la waridi; huu wa uwanjani huacha la kijani.

Hata hivyo, rangi ya vumbi peke yake haitoshi kuupeleka uyoga jikoni, wala picha ya simu. Ipo aina nyingine ambayo sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na dalili hujitokeza saa 6 au zaidi baada ya mlo, ini likiwa tayari limeanza kuathirika. Chuma tu ukiwa na mtu aliyeuchuma na kuula uyoga huohuo tangu utotoni. Akisita, uache. Aliyekwisha kuula na kushikwa na tumbo akimbizwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yabebwe pamoja naye.