Paa la Asbesto Shuleni

Asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua, zamani ilichanganywa na saruji kutengenezea mapaa, yakiwemo ya shule, na ingawa paa zima halina hatari kubwa, linapochakaa, kukatwa au kutobolewa nyuzi hizo huvutwa mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Nakuru, nchini Kenya, ambako maji ya visima vingi yana floridi kupita kiasi na hivyo maji ya mvua ya kunywa hukingwa mapaani, haja ya paa salama ni kubwa zaidi. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari. Kwa hiyo paa la asbesto linapoondolewa hulowanishwa, hushushwa bila kuvunjwa, hufungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Walimu wakuu wasikubali kamwe kazi hiyo ifanywe wanafunzi wakiwa shuleni.