Tangi la Maji Moto Nyumbani: la Wazi au la Kufungwa?

Maji yanapopata moto hutanuka. Lita 150 zikipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 60, hudai nafasi ya ziada inayozidi lita 2. Maji hayo hayana budi kupata mahali pa kwenda, na hapo ndipo aina mbili za matangi zinapotofautiana. Tunawashauri watumiaji waielewe tofauti hiyo kabla ya kununua.

Tangi la wazi

Tangi hili hulishwa na tangi la maji baridi lililowekwa juu zaidi, darini au juu ya paa. Maji yanayotanuka hurudi huko juu, na hewa au mvuke hutokea katika mrija ulioachwa wazi. Muundo wake ni rahisi, na maji ya mferejini yakikatika, nyumba huendelea kupata maji moto maadamu tangi la juu lina akiba.

Kasoro yake ni udhaifu wa msukumo. Kila mita 10 za kimo huzaa msukumo wa takriban bari 1. Hivyo tangi lililo mita 3 tu juu ya bomba la mvua hutoa takriban bari 0.3, na maji hushuka taratibu.

Tangi la kufungwa

Tangi hili huunganishwa moja kwa moja na bomba kuu au pampu, na hutoa maji kwa nguvu katika bafu zote. Halina mrija wazi. Kwa sababu hiyo hutegemea vifaa vya usalama: thamostati ya kudhibiti joto, chombo cha kupokea maji yanayotanuka, na vali inayofunguka joto au msukumo unapozidi kiasi. Bei yake huwa kubwa zaidi, nalo huhitaji kukaguliwa na fundi kila mwaka. Maji ya mferejini yakikatika, nayo maji moto hukoma, isipokuwa nyumba iwe na akiba na pampu.

Lipi likufae?

Penye mgawo wa maji, kwa kawaida tangi la wazi hufaa zaidi. Penye maji ya uhakika yenye msukumo mzuri, au bafu kadhaa zinazotumika kwa wakati mmoja, tangi la kufungwa linastahili gharama yake. Tangi la wazi lisiunganishwe kamwe na bomba kuu au pampu moja kwa moja, kwani halikuundwa kuhimili msukumo huo.

Tahadhari isiyopuuzwa

Vali ya usalama ikidondosha maji, wapo wanaoiziba ili kuzuia uchafu ukutani. Kufanya hivyo ni kuhatarisha maisha. Thamostati ikiharibika, maji yaliyofungiwa hupita nyuzijoto 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka hugeuka mvuke papo hapo. Lita 1 ya maji huzaa takriban lita 1,600 za mvuke. Nguvu hiyo yaweza kubomoa ukuta. Vivyo hivyo, mrija wa hewa wa tangi la wazi usizibwe wala kufungwa koki. Vali inayodondosha maji mfululizo inaonyesha kuwa pana hitilafu: zima umeme, kisha mwite fundi.

Joto nalo liangaliwe. Maji yahifadhiwe katika nyuzijoto 60 ili bakteria wasizaliane. Hata hivyo, joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache. Penye watoto au wazee, iwekwe vali ya kuchanganya maji ya baridi kabla hayajafika bombani.

Kabla ya kulipa

Soma kibandiko kujua kiwango cha juu cha msukumo ambacho tangi linahimili. Hakikisha vali ya usalama imo, na kwamba bomba lake la kutolea maji litaelekezwa mahali ambapo halitamwunguza mtu. Dai risiti na dhamana ya maandishi, na umtake fundi akuonyeshe maji yanayotanuka yatapitia wapi. Asiyeweza kukuonyesha njia hiyo, usimkabidhi kazi.