Almasi haigeuzwi: neno 'kereza' bado lina kazi

Mwanafunzi mmoja hapa Kakamega aliniletea tafsiri yake ya makala ya uhandisi. Ilihusu utengenezaji wa safu za lenzi ndogondogo, kila moja isiyofikia milimita moja, zilizopangwa kama jicho la nyuki. Mbinu yenyewe aliiita 'kugeuza almasi'.

"Almasi inageuzwa iwe nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Si ndivyo Kiingereza kinavyosema, mwalimu?"

Hapo ndipo penye kosa. Katika mbinu hii almasi haigeuzwi kuwa kitu kingine, wala haizunguki. Kinachozunguka ni kipande cha shaba au alumini. Ncha ya almasi hukisogelea na kukimenya utando mwembamba mno. Ili vilenzi vingi vitokee kwenye uso mmoja, kompyuta huiingiza na kuitoa ncha hiyo kwa kufuata mzunguko. Uso unaobaki hung'aa kama kioo, na mikwaruzo yake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Kipande hicho huweza kuwa kalibu ya kutolea lenzi za plastiki. Chuma hakifai: almasi ni kaboni, na chuma kikipata moto huinyonya kaboni hiyo, ncha ikaisha upesi.

Sasa, Kiswahili kina kitenzi cha kazi hii: kereza. Miguu ya kitanda yenye mviringo hukerezwa. Mashine yake ni kerezo. Basi mbinu yetu ni 'kukereza kwa almasi'. Nakiri nami kwa miaka mingi niliandika 'kuchonga' tu. Lakini hata mwiko huchongwa, tena kwa panga! Kuchonga hakutuambii kwamba kitu kinazunguka.

Na 'lenzi' je? Asili yake ni neno la Kilatini la punje ya adesi, kwa sababu ya umbo lake. Waarabu nao hutumia neno la mzizi huohuo wa adesi kwa lenzi. Sisi adesi tukaiacha chunguni, ile ya kuonea tukaikopa kwa Waingereza. Sisemi tuitupe, 'lenzi' imeshazoeleka. Kukopa si aibu. Aibu ni kukopa, au kutafsiri kisisisi, ilhali neno limo kabatini.

Fundi atakayesoma 'kugeuza almasi' ataizungusha almasi. Mwanafunzi wangu alilifuta neno lake, akaandika 'kukereza'.