Vimondo Vilivyofukiwa Mwezini

Katika Kiswahili, neno kimondo hubeba dhana mbili: mwale unaopita angani usiku na jiwe linalosalia ardhini mwale huo unapozimika. Mwezini dhana hizi hutengana. Ifahamike kwamba Mwezi hauna angahewa ya kutajika. Jiwe haliwaki wala halipunguziwi mwendo. Hutua kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, na aghalabu huyeyuka au kugeuka mvuke papo hapo. Je, kilichogeuka mvuke huacha ushahidi gani?

Jibu lilipatikana katika kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na safari sita za Apollo kati ya mwaka 1969 na 1972. Wanakemia waliupima udongo huo wakakuta iridiamu kwa kiwango kilichopita matarajio. Iridiamu ni metali iandamanayo na chuma. Mwezi ulipokuwa ungali wa moto, chuma kilizama kuelekea kiini, nayo iridiamu ikazama pamoja nacho, hata ganda la juu likasalia bila ya metali hiyo isipokuwa kidogo mno. Vimondo vingi havikupitia mchujo huo. Iridiamu iliyomo udongoni, basi, ni ya wageni. Na kwa makadirio ya wataalamu, asilimia 1 hadi 2 ya udongo wa Mwezi ilitokana nao.

Vipande vyenyewe ni adimu. Udongo wa Apollo 12 ulitoa kimoja chenye kaboni. Ule wa Apollo 15 ukatoa kingine cha miligramu chache tu, chembe ambayo mfagiaji asingeiona. Mnamo 2012, watafiti walieleza vipande vilivyonaswa ndani ya miamba ya Apollo 16 iliyoshikamana zaidi ya miaka bilioni 3.4 iliyopita. Kisha Chang'e-6 ya Uchina ikaleta udongo wa upande wa mbali wa Mwezi mwaka 2024, na ndani yake, kwa mujibu wa taarifa ya 2025, mkatambuliwa mabaki ya vimondo vya aina iliyosheheni maji.

Aina hiyo ni laini mno. Ikiingia katika angahewa ya dunia husagika, na kinachofika chini huharibiwa na mvua. Ndiyo maana haifikii hata asilimia 1 ya vimondo vilivyokusanywa duniani. Uchache huo umekuwa ukichukuliwa na baadhi ya watu kuwa uchache wa vimondo vyenyewe angani, ilhali udongo wa Mwezi, usionyeshewa mvua, unatoa hesabu tofauti.