Martin Luther King na Nguvu ya Kutotumia Nguvu

Unapomjadili Tunu katika tamthilia ya Kigogo, jina la Martin Luther King linaweza kukujia upesi. Tahadhari. Ni rahisi kumsawiri King kama mhubiri mpole aliyesamehe kila mtu, na hapo hoja hupotea. Yeye hakuwafunza watu kuvumilia. Aliwafunza kulazimisha mabadiliko bila kumwaga damu.

Chukua mfano wa Montgomery, Alabama. Tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha abiria Mzungu kiti ndani ya basi. Watu Weusi, ambao ndio waliokuwa abiria wengi, waliyasusia mabasi kwa siku 381. Hebu fikiria yaya na wapishi wakitembea kwenda kazini asubuhi za baridi, wengine wakibebwa na magari ya kujitolea yaliyopangiwa vituo. Kampuni ya mabasi ilipata hasara. Wakati huohuo mawakili walikuwa mahakamani, na mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaharamisha ubaguzi katika mabasi hayo. Mgomo na kesi vilitegemeana. (Wanaomkumbuka King kwa hotuba tu husahau viatu vilivyoisha nyayo.)

Je, hasira haikuwepo? Ilikuwepo. Januari 1956 nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Umati wenye hasira ulikusanyika nje, baadhi wakiwa na silaha. King, akiwa na miaka 27, aliwasihi warudi makwao. Mlinganishe hapo na Tunu, anayejeruhiwa na wahuni lakini haongozi watu kulipiza kisasi; anadai soko lifunguliwe.

Harakati hizo zilizaa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Hii ya pili ilidhoofishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2013, kwa hivyo usiandike kwamba vita viliisha. Wakenya nao wana sehemu katika urithi huu: mwaka 1959 King alimkaribisha Tom Mboya Atlanta, akaahidi kusaidia kugharimia masomo ya mwanafunzi kutoka Kenya.

King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Alikuwa ameenda huko kuunga mkono mgomo wa wazoaji taka. Sasa rudi mwanzo wa Kigogo, pale Chapakazi, usome tena malalamiko kuhusu uvundo wa soko na kodi inayotozwa.